Insha Moja Haitoshi: Historia ya Jalada la Uandishi katika Vyuo vya Marekani

Mwaka 1961 watafiti watatu wa taasisi ya mitihani ya ETS, iliyoko Princeton katika jimbo la New Jersey, walitoa matokeo yaliyowatia kiwewe walimu wa uandishi. Paul Diederich, John French na Sydell Carlton walikuwa wamekusanya insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo na kuwapa wasomaji 53 wenye heshima zao: wahadhiri wa Kiingereza, walimu wa sayansi ya jamii na wa sayansi asilia, waandishi na wahariri, mawakili, na wakuu wa kampuni. Wasomaji hao hawakupewa mwongozo wa kusahihishia. Waliambiwa tu wazipange insha katika mafungu tisa, kuanzia bora kabisa hadi dhaifu kabisa, kila mmoja kwa kadiri anavyoona mwenyewe.

Insha 101 ziliangukia katika mafungu yote tisa. Asilimia 94 ya insha zote zilipewa madaraja saba, manane au tisa tofauti, na hakuna hata moja iliyopata pungufu ya matano. Kwa maneno mengine, mwanafunzi angeweza kufaulu vizuri sana au kuanguka vibaya sana kwa karatasi ileile, kutegemea tu ilifika mezani kwa nani.

Diederich na wenzake hawakusema kwamba wasomaji walikuwa wazembe. Walipochambua alama na maoni yaliyoandikwa pembeni mwa karatasi, waliona wasomaji wamegawanyika katika kambi tano. Wengine walitazama mawazo, wengine mpangilio, wengine tahajia na sarufi, wengine uteuzi wa maneno, na wengine ladha ya mwandishi mwenyewe. Kila kambi ilikuwa na hoja yake, na kila moja ilidhani inapima kitu kilekile: uwezo wa kuandika.

Leo mwanafunzi wa chuo cha Marekani anayemaliza somo la uandishi la mwaka wa kwanza mara nyingi hafungiwi tena ukumbini na karatasi tupu. Hukabidhi jalada la dijitali, yaani tovuti ndogo yenye insha alizozichagua mwenyewe, rasimu zake, maoni ya wenzake na barua ya kueleza kwa nini amechagua hizo na si nyingine. Ni rahisi kuamini kwamba kompyuta ndiyo iliyoleta jambo hilo. Ukweli ni kwamba jalada lilianza kwenye karatasi, likiwa jibu la mashaka ambayo mafungu tisa ya Princeton yaliyaweka hadharani, na mashaka yenyewe yalikuwa ya zamani zaidi.

Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya rais wake Charles William Eliot, kilianza mwaka 1874 kuwataka waombaji waandike insha fupi ya Kiingereza kabla ya kupokelewa. Karatasi zilizorudi ziliwashtua wakubwa wa chuo. Vijana waliotoka katika shule za gharama kubwa walikosea tahajia, alama za uakifishaji na hata aya za kawaida. Adams Sherman Hill, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuletwa Harvard mwaka 1872, alipigania somo la lazima la uandishi, na kufikia mwaka 1885 somo hilo, English A, lilikuwa limewekwa katika mwaka wa kwanza. Vyuo vingine vilifuata nyayo. Mwenzake Hill, Barrett Wendell, alipata sifa kwa kuwadai wanafunzi wake ukurasa mmoja kila siku. Mwaka 1892 kamati ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo Charles Francis Adams ilitoa ripoti kali, ikazitupia lawama shule za sekondari na kuwaonea huruma wasahihishaji waliokuwa wakizama katika karatasi.

Huruma hiyo ilikuwa ya haki, kwa sababu insha haisahihishwi na mashine ya kukokotoa. Inahitaji mtu akae, asome, afikiri, na mtu huyo hulipwa, huchoka na kupandwa na hasira.

Ndiyo sababu ahadi ya mtihani wa kuchagua majibu ilipokelewa kwa mikono miwili. Bodi ya mitihani ya kujiunga na vyuo, College Entrance Examination Board, iliundwa mwaka 1900, na kwa miaka mingi mitihani yake ilikuwa ya kuandika. Tarehe 23 Juni 1926 bodi hiyo ilifanya kwa mara ya kwanza mtihani wa SAT, ambao watahiniwa 8,040 waliufanya. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, mitihani ya zamani ya insha ikaondolewa mwaka 1942. ETS ikaundwa mwaka 1947 na kuichukua kazi ya kutunga na kusimamia. Kufikia mwaka 1974 kulikuwa na mtihani wa SAT uliodai kupima Kiingereza cha kuandika, huku mtahiniwa akiweka alama kwenye visanduku bila kuandika sentensi hata moja.

Wapimaji walikuwa na hoja, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Visanduku vilitoa alama ileile asubuhi na jioni, Boston na Los Angeles. Insha haikufanya hivyo, na utafiti wa Diederich ulikuwa ushahidi wao mkubwa. Walichokipoteza ni upande wa pili wa mizani. Alama zilikuwa thabiti, lakini zilikuwa alama za kitu gani?

Jibu la kwanza lilitoka ndani ya ETS yenyewe. Mwaka 1966 Fred Godshalk, Frances Swineford na William Coffman walionyesha kwamba wasomaji wanaweza kukubaliana vya kutosha iwapo watafundishwa kwa insha za mfano, wasome haraka, watoe alama moja kwa picha nzima ya insha, na kila karatasi ipite mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja. Edward White, profesa wa Kiingereza katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo la California, aliuchukua utaratibu huo na mwaka 1973 akauongoza mtihani wa jimbo zima uliosahihishwa na walimu wenyewe. Walimu walikusanyika ukumbini, wakabishana juu ya karatasi chache hadi wakaanza kuona kwa jicho linalofanana, kisha wakaingia kazini. Insha ikarudi kwenye mtihani.

Wakati huohuo madarasa yalikuwa yakibadilika kwa kasi. Baada ya maandamano ya mwaka 1969, Chuo Kikuu cha Jiji la New York kiliwafungulia milango mwaka 1970 wahitimu wote wa sekondari za jiji hilo. Wakaingia watoto wa wafanyakazi, Weusi, Wapuerto Riko na wahamiaji, wengi wao wakiwa hawajawahi kuombwa kuandika ukurasa mzima. Mina Shaughnessy, aliyewafundisha katika City College, alizipitia insha zao zipatazo 4,000 na mwaka 1977 akachapisha kitabu cha Errors and Expectations. Hoja yake ilikuwa kwamba makosa yao yana mantiki: mwanafunzi anayekosea anafuata kanuni fulani aliyojitungia, na mwalimu anapaswa kuisoma kanuni hiyo kabla ya kuchukua kalamu nyekundu.

Watafiti wengine walikuwa wakichungulia namna watu wanavyoandika hasa. Janet Emig aliwataka wanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari waseme kwa sauti wanachowaza wakati wanaandika, na mwaka 1971 akaonyesha kwamba uandishi haufuati mstari ulionyooka kutoka muhtasari hadi nukta ya mwisho. Mwaka uliofuata Donald Murray, mwanahabari aliyegeuka mwalimu, aliwahimiza wenzake wafundishe mchakato badala ya kungoja zao. Rasimu, maoni ya wanafunzi wenza, kuandika upya: hayo ndiyo yaliyotawala darasani kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwa mhula mzima mwalimu alihubiri kwamba mwandishi mzuri huandika, hutupa, huuliza, huandika tena. Halafu mhula ulipokwisha, mwanafunzi yuleyule alifungiwa chumbani, akapewa mada asiyoijua na saa ukutani, akatakiwa aonyeshe umahiri wake kwa mkupuo mmoja.

Katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, kilichoko Long Island mashariki mwa jiji la New York, walimu wawili waliamua kuukata mzizi wa tatizo hilo. Peter Elbow, aliyejulikana tangu mwaka 1973 kwa kitabu cha Writing Without Teachers, na mwenzake Pat Belanoff walikuwa wakiendesha programu ambayo mwanafunzi alipaswa kufaulu mtihani wa umahiri wa uandishi. Wao waliuona mtihani huo unawadhulumu wanafunzi na kuwafundisha uongo kuhusu kazi ya kuandika. Baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 1983, mwaka 1984 madarasa yote ya somo hilo yaliingizwa katika utaratibu mpya, na mwaka 1986 wawili hao wakaueleza katika jarida la College Composition and Communication.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kuusimulia. Mwisho wa mhula mwanafunzi alikabidhi bahasha yenye kazi nne. Tatu zilikuwa zimeandikwa na kuandikwa tena: moja ya kusimulia au kueleza jambo kwa mtindo wake mwenyewe, moja ya hoja ya kitaaluma, na moja ya kuchambua andiko la mtu mwingine. Ya nne iliandikwa darasani bila msaada, ili wasomaji waione kalamu yake ikiwa peke yake. Kila insha iliyorekebishwa ilikuja na maelezo mafupi ya jinsi ilivyofika hapo.

Mwalimu wa darasa hakuruhusiwa kuamua peke yake. Jalada lilisomwa na mwalimu mwingine asiyemjua mwanafunzi, naye alijibu swali moja tu: linafikia daraja la C au halifikii? Likikataliwa, lilipelekwa kwa msomaji wa pili. Kabla ya kuanza, walimu walikutana kusoma karatasi za mfano na kubishana, na katikati ya mhula palikuwa na zoezi la majaribio ambapo mwanafunzi aliingiza kazi moja apate kujua mapema upepo unavuma wapi.

Badiliko lisilotarajiwa lilitokea kwenye vyumba vya walimu. Mwalimu aliyezoea kuwa hakimu aligeuka kocha, kwa sababu sasa hakimu alikuwa mtu wa nje. Aliweza kumwambia mwanafunzi kwa ukweli kabisa: mimi nimeipenda, lakini wasomaji wengine watajikwaa hapa na hapa. Wengine walifurahi. Wengine walilalamika kwamba wenzao wanaingilia madarasa yao. Elbow na Belanoff hawakuificha migongano hiyo. Waliitetea, wakisema kwamba kutokubaliana juu ya uandishi ni hali halisi na afadhali kujadiliwe mezani kuliko kufunikwa na tarakimu.

Wazo hilo lilisambaa haraka. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Miami, ambacho licha ya jina lake kiko katika mji mdogo wa Oxford jimboni Ohio, kilianza kuwahesabia wanafunzi wapya masomo ya uandishi kuwa wameyafaulu kwa kusoma majalada waliyotoka nayo sekondari: barua ya tafakuri, simulizi, insha ya hoja, na mjibizo wa andiko la mtu mwingine. Mapema katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kilichoko Pullman, kilikwenda mbali zaidi. Kila mwanafunzi aliyefika nusu ya safari yake alitakiwa kukusanya kazi alizoziandikia masomo yake ya kawaida, ziwe za biolojia au za uhasibu, na kuongezea insha za papo kwa papo. Kathleen Blake Yancey, aliyehariri mwaka 1992 moja ya vitabu vya kwanza kuhusu majalada darasani, baadaye aliigawa historia ya upimaji wa uandishi katika mawimbi matatu: visanduku kuanzia 1950 hadi 1970, insha ya papo kwa papo kuanzia 1970 hadi 1986, na jalada kuanzia mwaka huo wa makala ya Stony Brook.

Wimbi la tatu nalo lilikuwa na mwamba wake. Jimbo la Vermont lilijaribu kutumia majalada kuwapima watoto wa darasa la nne na la nane katika jimbo zima, na watafiti wa shirika la RAND wakiongozwa na Daniel Koretz wakaenda kuangalia. Ripoti zao za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilisema wasahihishaji hawakukubaliana vya kutosha kuzifanya alama ziaminike. Kila shule ilikuwa imechagua kazi za aina yake, na kulinganisha jalada la shule moja na la nyingine kukawa kugumu. Mzimu wa mafungu tisa ulikuwa umerudi, mara hii ukiwa na karatasi nyingi zaidi.

Na karatasi zenyewe zilikuwa tatizo. Madarasa mia moja ya wanafunzi ishirini na wachache hutoa majalada zaidi ya elfu mbili kila mhula. Yanajaza makabati, yanarundikwa chini ya madirisha, yanapotea, na baada ya miezi michache yanatupwa kwa sababu hakuna pa kuyaweka. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia.

Haikuingia kwa kishindo. Mwaka 1983 Kathleen Kiefer na Cynthia Selfe walikuwa wameanzisha Computers and Composition, lililokuja kuwa jarida la walimu wanaofundisha uandishi kwa mashine hizo. Mwaka 1987 Apple ilitoa programu ya HyperCard, iliyomwezesha mtu asiye fundi kuunganisha kurasa kwa vitufe, na baadhi ya walimu wakaanza kuitumia kutengeneza majalada. Huko Anchorage, Helen Barrett wa Chuo Kikuu cha Alaska alitumia sehemu kubwa ya miaka ya 1990 akiwaonyesha walimu namna ya kujenga jalada kwa programu za ofisini walizokuwa nazo tayari na kulihifadhi kwenye sidii. Kivinjari cha Mosaic kilipotokea mwaka 1993, viungo ambavyo HyperCard ilivifungia ndani ya mashine moja vikawa vinaweza kuvuka bahari.

Tofauti kati ya bahasha na tovuti ilichukua muda kueleweka. Vyuo vingi vilianza kwa kuhamisha tu: mwanafunzi alipakia faili nne, mwalimu akazifungua nne. Yancey, katika makala ya mwaka 2004, aliyapanga majalada ya wakati huo katika aina tofauti. Lilikuwepo la karatasi, ulikuwepo mfumo wa mtandaoni ambao mwanafunzi hujaza nafasi alizopangiwa na chuo, na lilikuwepo lililoundwa kwa kuutumia wavuti hasa, ambapo msomaji anaweza kuingia kwa mlango wowote. Katika aina hiyo ya mwisho mwanafunzi anaunganisha insha yake ya historia na ripoti ya maabara, anaweka picha na sauti, na kwa kupanga viungo anatoa hoja kuhusu nafsi yake kama mwandishi. Mwaka huohuo, akihutubia huko San Antonio kama mwenyekiti wa chama cha walimu wa uandishi wa vyuo, Yancey aliwaambia wenzake kwamba vijana wanaandika kwa wingi nje ya darasa, kwenye skrini, bila kuagizwa na mwalimu, na kwamba somo lao lisipoliona hilo litaachwa nyuma.

Mfano wa karibu ulikuwa Chuo Kikuu cha Georgia, mjini Athens. Mwalimu wa Shakespeare aitwaye Christy Desmet na wenzake, akiwemo Ron Balthazor, walijenga programu yao wenyewe, Emma, na katikati ya miaka ya 2000 kila mwanafunzi wa somo la uandishi la mwaka wa kwanza alikuwa akikabidhi jalada ndani yake. Humo uliwekwa wasifu mfupi, insha ya tafakuri ya kumkaribisha msomaji, insha mbili zilizoandikwa upya, ushahidi wa jinsi kazi moja ilivyobadilika kutoka rasimu hadi rasimu, na ushahidi wa maoni ambayo mwanafunzi alimpa mwenzake. Mwisho palikuwa na kipande cha hiari: chochote alichotaka kionekane, iwe shairi, picha au barua. Mwalimu wake alilisoma, na msomaji mwingine pia.

Kwa kuwa kila toleo lilibaki ndani ya seva, watu wa Georgia waliweza kufanya jambo ambalo Stony Brook haikuweza. Waliwapa wasahihishaji insha za mhula pamoja na matoleo yake mapya ya jalada, bila kuwaambia lipi ni lipi. Kwa jumla matoleo mapya yalipata alama za juu zaidi, lakini si yote. Baadhi yalibaki palepale na mengine yalishuka. Kuandika upya, kumbe, kunaweza pia kuharibu, na hilo mwandishi yeyote analijua.

Huko Queens, katika jiji la New York, Chuo cha Jamii cha LaGuardia kiliuchukua mkondo mwingine. Chuo hicho, kilichofunguliwa mwaka 1971 katika jengo lililokuwa kiwanda, hupokea wanafunzi waliotoka katika nchi zaidi ya mia moja, wengi wao wakifanya kazi mchana na kusoma usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikundi kilichoongozwa na Bret Eynon kilianza kuwafundisha kujenga majalada mtandaoni, kwa msaada wa wanafunzi wenzao waliofunzwa kazi hiyo. Mwanafunzi aliyehamia Marekani akiwa mtu mzima aliandika safari yake, akaiweka kando ya insha zake za darasani, na ndugu zake ng'ambo wakaisoma. Msomaji hakuwa tena mwalimu peke yake. Uongozi wa chuo uliripoti kwamba waliotumia majalada walibaki masomoni zaidi kuliko wengine. Wakosoaji nao waliuliza kama walichopima ni nguvu ya jalada au bidii ya wale waliojiandikisha katika madarasa hayo.

Wakati walimu wakizungumza juu ya tafakuri, watu wengine walikuwa wakizungumza juu ya ushahidi. Septemba 2006 tume iliyoundwa na Waziri wa Elimu Margaret Spellings ilivitaka vyuo vionyeshe kwa vipimo kwamba wanafunzi wanajifunza. Mashirika ya ithibati yalikuwa tayari yamekaza kamba. Kampuni kama LiveText na Taskstream, ambazo baadaye ziliunganishwa katika kampuni ya Watermark, ziliviuzia vyuo mifumo ambamo kila kazi ya mwanafunzi ingeweza kufungwa kwenye kigezo fulani na kuhesabiwa. Katika vyuo vingine mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyelipia ufunguo wa kuingia. Jalada lililozaliwa kwa kuukimbia mtihani likaanza kujazwa visanduku.

Chama cha vyuo cha AAC&U kilijaribu kushika njia ya katikati. Mwaka 2009 kilitoa seti ya vigezo iliyoitwa VALUE, iliyoandikwa na walimu kutoka vyuo mbalimbali kwa ajili ya kusoma kazi halisi za darasani. Kigezo cha uandishi kina vipengele vitano, kila kimoja na ngazi nne: kumjua msomaji na lengo, kukuza maudhui, kufuata desturi za taaluma, kutumia vyanzo, na kumudu lugha. Mwaka 2016 chama hicho kiliongeza majalada ya dijitali katika orodha yake ya mbinu kumi zinazoaminika kusaidia wanafunzi, yakawa ya kumi na moja. Wakati huo programu huria ya Mahara, iliyoanza mwaka 2006 kwa ushirikiano wa vyuo vya New Zealand, ilikuwa imeshapita mipaka ya nchi hiyo.

White naye, ambaye mwaka 1973 alikuwa amewapanga walimu wa California ukumbini, alirudi na pendekezo mwaka 2005. Kusoma kila ukurasa wa kila jalada ni kazi isiyokwisha, alisema. Basi wasahihishaji waisome kwa makini barua ya tafakuri, ambayo mwanafunzi anajipima humo dhidi ya malengo ya programu, na wazitumie kazi nyingine kama vielelezo vya kuthibitisha anachodai. Waliompinga walihofia jambo ambalo kila mwalimu amewahi kulikuta: barua tamu iliyoandikwa na kijana anayejua kabisa mwalimu anataka kusikia nini. Amekua, ameteseka na rasimu, sasa anaipenda hoja. Insha zilizoambatanishwa zinasimulia mambo mengine.

Kisha kuna suala la kudumu. Karatasi hukaa kabatini miaka hamsini zikiachwa. Yahoo iliifunga GeoCities Oktoba 2009, ikaondoka na kurasa za watu wengi waliojifunza kujenga tovuti humo. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia Flash, na majalada yaliyokuwa na vitufe na michoro ya Flash yakageuka miraba mitupu. Mwanafunzi aliyehitimu naye hupoteza akaunti ya chuo, na mara nyingi jalada hupotea pamoja nayo. Sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, FERPA, imewalazimu walimu kujiuliza swali lisilokuwepo wakati wa bahasha: je, insha ya kijana wa miaka 18 kuhusu talaka ya wazazi wake ionekane na mwajiri atakayeitafuta miaka kumi baadaye? Programu nyingi sasa humwachia mwanafunzi ufunguo, achague nani aone nini.

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI iliitoa ChatGPT, programu inayotunga maandishi yenyewe, na ndani ya wiki chache insha iliyoandikiwa nyumbani ilipoteza kinga yake. Baadhi ya walimu walikimbilia karatasi na kalamu darasani, yaani mlemle ambamo Elbow na Belanoff walikuwa wamejitahidi kutoka. Kikosi kazi cha pamoja cha MLA, chama cha wasomi wa lugha na fasihi, na chama cha walimu wa uandishi wa vyuo, katika waraka wake wa kwanza wa Julai 2023, kiliwashauri wasiiweke imani yao kwenye programu za kugundua maandishi ya mashine, kikasisitiza thamani ya kuandika kama njia ya kufikiri.

Wengine wameligeukia jalada kwa sababu mpya. Rasimu, maoni ya pembeni na historia ya matoleo ambayo Google Docs huihifadhi yenyewe, ambavyo hapo awali vilikuwa njia ya kumsaidia mwanafunzi ajitazame, sasa vinatumika pia kama uthibitisho kwamba yeye ndiye aliyeandika. Barua ya tafakuri, ambayo White aliitaka iwe kitovu cha alama, ndiyo ambayo mashine huitunga kwa urahisi kuliko yote. Walimu wanaijibu hali hiyo kwa kuitaka barua itaje sentensi fulani katika rasimu ya pili na kueleza kwa nini ilikatwa katika ya tatu, au kwa kukaa na mwanafunzi dakika chache mbele ya jalada lake na kumuuliza ana kwa ana. Wanafunzi nao wanahoji ni wapi kujitazama kunaishia na kuchunguzwa kunaanzia, pale kila herufi waliyoifuta inapoweza kufufuliwa na mwalimu.

Kazi ya kusoma bado inafanywa na watu, na katika vyuo vingi vikubwa watu hao ni wanafunzi wa shahada za juu na walimu wa mkataba wanaolipwa kwa kila darasa. Mwishoni mwa mhula hukutana, ukumbini au kwa Zoom, wakiwa na majalada matatu au manne ya mfano, na hubishana juu yake kabla ya kuyafungua mengine: mmoja amevutiwa na hoja, mwingine amekerwa na aya zisizoshikana, wa tatu anauliza mbona hakuna aliyetaja sauti ya mwandishi.